Kisanduku cha mate: kinajua nini kuhusu Mpwani?

Kisanduku chenyewe, cha kupimia DNA (chembe za urithi) kwa mate, ni kidogo, chepesi kama pakiti ya majani ya chai. Ndani mna mrija wa plastiki wenye mstari wa kujazia, kifuniko chenye maji ya kuhifadhi, mfuko usiovuja, na kadi yenye namba ya kujisajili mtandaoni. Bei ni kati ya dola 40 na dola 100, ikitegemea msimu wa punguzo, na hapo nauli ya kukileta Mombasa na kukirudisha maabara haijaingia. Ahadi iliyo juu yake ni kwamba ukitema mate utajua mababu zako walitoka wapi. Kwa mji huu ahadi hiyo ina utamu wa pekee. Uliza asili za watu katika baraza moja tu ya Kibokoni, utajibiwa Shiraz, Oman, Hadhramaut, Makran, Kutch, Pate na Shungwaya, na hakuna aliyekudanganya kabisa.

Hapa hatumhakiki muuzaji mmoja, maana vipimo vikubwa vingi vilivyoko sokoni vinatumia teknolojia ileile: chipu inayosoma herufi kama 600,000 hadi 700,000 kati ya herufi bilioni tatu za DNA. Vinatofautiana katika unachorudishiwa, na hapo ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Kwa mtu wa pwani ya Kenya, vitu viwili vina thamani: ukoo wa mama na ukoo wa baba vikisomwa kila kimoja peke yake, na faili ghafi ya herufi zako unayoweza kuipakua. Asilimia za rangi rangi za asili yako zichukue kama bakshishi. Ramani ya mishale ya safari za kale za binadamu, inayouzwa kwa ada ya kila mwaka, usiilipie.

Tuanze na mate, kwa sababu wengi huharibu hapo. Nusu saa kabla, kinywa kisiingie kitu: chai, sigara, chingamu wala tambuu. Muguka ni balaa zaidi, kwani vipande vya majani hukaa kwenye fizi muda mrefu baada ya mtu kutema. Sukutua kwa maji matupu, kisha anza upya kuhesabu ile nusu saa. Mwezi wa Ramadhani mchana mdomo umekauka, kwa hiyo wakati mwafaka ni ukiamka kwa daku, kabla ya kuonja chochote. Mstari wa mrija kwa kawaida ni mililita 2, na povu halihesabiwi. Mtu hutema haraka, akaona povu limefika mstarini, akafunga. Povu likishatulia, mate yenyewe ni nusu. Tema taratibu, gonga mrija mezani, ngoja, ongeza. Kisha kaza kifuniko mpaka maji ya kuhifadhi yashuke yote, utikise kwa sekunde kadhaa. Yasiposhuka, vimeng'enya na bakteria wa mdomoni wataendelea na kazi yao njiani, na maabara itakuandikia kwamba DNA haikutosha. Kwa kawaida mrija wa pili hutolewa bure, lakini nauli ya kuurudisha na mwezi uliopotea ni vyako.

Mzee asiyeweza kutema mililita mbili afadhali apimwe kwa vijiti vya pamba. Kila kijiti husuguliwa ndani ya shavu lake kwa sekunde 30 hadi 60, kwa nguvu kidogo, si kupapasa. Chagua kipimo ambacho kijiti huchovywa na kubaki ndani ya kichupa cha maji. Vile vinavyorudishwa vikavu ndani ya bahasha havipendi unyevu wa Mombasa, na vikikaa siku chache kabla ya kutumwa vinaweza kuota ukungu. Namna yoyote utakayotumia, usiache sampuli ndani ya gari lililopaki juani.

Kwenye kaunta ya kuria, neno "mate" linaweza kuleta maswali. Kifurushi kiwe na tabaka tatu: mrija uliokazwa, mfuko usiovuja wenye karatasi ya kunyonya, kisha boksi gumu la nje. Karatasi ya maelezo ya sampuli iliyokuja na kisanduku ibandikwe nje, isifichwe ndani. Majibu hutoka kati ya wiki nne na nane tangu maabara ipokee, si tangu wewe utume.

Sasa majibu yenyewe. Ukurasa wa kwanza ni duara la asilimia, na ndio unaopigwa picha ukatumwa kwenye WhatsApp ya ukoo ukaanzisha ugomvi. Asilimia hizo hazipimi "damu" ya mtu. Ni jibu la swali jembamba: kati ya makundi ya watu walio hai tuliyo nayo kwenye kabati letu, kipande hiki cha DNA kinafanana zaidi na lipi? Kwa hiyo la muhimu ni kujua nani yumo kabatini. Mradi wa 1000 Genomes, uliosoma DNA za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, ambao data yake iko wazi kwa wote na imetumika mno katika kazi hii, una makundi 26. Kenya inawakilishwa na Waluhya wa Webuye. Wagujarati walipimwa Houston, Marekani. Wapunjabi walipimwa Lahore. Waarabu hawamo hata kundi moja, na Iran haimo. Mradi mwingine wa wazi wa namna hiyo, uitwao HGDP, unawaongeza Wabaluchi na Wamakrani wa Pakistani, pamoja na Wabedui, Wapalestina na Wadruzi. Kampuni huongeza makundi yao, mara nyingi kutoka kwa wateja ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa mahali pamoja. Wateja wa namna hiyo kutoka Siyu au Vanga ni wa kuhesabu kwa vidole.

Matokeo yake ni haya. Mtu wa Mombasa ambaye wazee wake waliletwa kutoka Punjab kujenga reli kati ya 1896 na 1901 (vibarua wa Kihindi walikuwa kama 32,000, na waliobaki baada ya mikataba ni kama 6,700) atapata jibu zuri, kwa sababu kigezo chake kimetoka Lahore kwenyewe. Mbaluchi ambaye babu yake alikuja kuwa askari wa masultani wa Kiomani atapata jibu la kuridhisha. Mshihiri wa Hadhramaut anaweza kusambazwa: kidogo Bedui, kidogo Palestina, kidogo Misri, kwa kuwa fundi akikosa kipimo cha Yemen inambidi akate nguo kwa kiolezo cha jirani.

Na Mduruma au Mgiriama? Huyo pengine ataambiwa yeye ni Mluhya kwa sehemu kubwa, na juu yake atiliwe asilimia kadhaa za Nigeria au Kamerun. Hapo watu huanza kumtafuta babu wa Kinigeria ambaye hakuwahi kuwepo. Wasemaji wa lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka mpaka wa Nigeria na Kamerun miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Miaka kama 2,500 iliyopita walikuwa tayari wakifua chuma kwenye Maziwa Makuu, na katika karne za mwanzo baada ya Kristo walikuwa hapa pwani, ambako vyungu vyao vimepewa jina la Kwale, kusini ya Mombasa. Kwa upimaji wa jeni huo ni mwendo wa haraka. Watu waliotapakaa maelfu ya kilomita bado wanafanana sana, na kompyuta ikishindwa kuwatenganisha hutupa vipande kwenye kundi lolote lililo karibu. Zaidi ya hayo, kampuni ikiongeza makundi, asilimia zako hubadilika usiku mmoja na wewe hujazaliwa upya.

Hata hivyo, kuna njia ya kuyasoma majibu hayo kwa faida, nayo haimo kwenye ukurasa wa kwanza. Tafuta ukurasa unaochora kromosomu, vijiti 22 vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja kikiwa na rangi kulingana na asili inayodhaniwa. Usitazame rangi ni ngapi, tazama urefu wa kila rangi. Kila kizazi kinapopita, DNA ya mzazi hukatwa na kuchanganywa, hivyo kipande kilichotoka kwa babu wa mbali huwa kifupi kuliko cha babu wa karibu. Kanuni ya mkononi: gawa 100 kwa idadi ya vizazi, utapata wastani wa urefu wa kipande kwa sentimogani, kipimo kinachoandikwa cM.

Chukua watu wawili, wote wameandikiwa asilimia 12 ya Asia Magharibi. Wa kwanza ana mapande marefu machache, kila moja cM 30 au zaidi, mengine yakifunika nusu nzima ya kijiti. Huyo ana mzee mmoja Mwarabu vizazi vitatu juu yake, baba wa bibi yake tuseme, kwa sababu mzee mmoja wa ngazi hiyo huchangia asilimia 12.5. Wa pili ana chenga: doa hapa, doa pale, cM 3 au 4, karibu kila kijiti. Huyo hana Mwarabu wa karibu. Alichonacho ni urithi wa mchanganyiko wa kale uliokwisha kusagwa. Mchanganyiko wa mwaka 1000, kwa kizazi cha miaka 28, uko vizazi kama 36 nyuma yetu, na 100 ukigawa kwa 36 hufika cM 2.8. Kisanduku kinawapa wote wawili asilimia 12 na rangi ileile, wakati historia zao zimeachana kwa miaka mia tisa. Ubaya ni kwamba vipande vifupi namna hiyo ndivyo programu hizi huvikosea mara nyingi, kwa hiyo yule wa pili pengine ameandikiwa pungufu, na chenga nyingine zimehesabiwa India au Kaukasi.

Ndiyo maana kwa suala la Washirazi, watu wa pwani wanaosema mababu zao walitoka Uajemi, kisanduku peke yake hakifai kutoa hukumu. Kuna kazi bora ya kulinganisha nayo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya watu 80 kutoka makaburi ya miji ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, pamoja na Makwasinyi huko bara upande wa Taita. Matokeo yake hayakuwafurahisha kikamilifu wala wale wa "sisi ni Waajemi" wala wale wa "hakuna mgeni aliyekuja". Watu wengi wa miji hiyo walikuwa na zaidi ya nusu ya DNA yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia Uajemi ulichukua asilimia 80 hadi 90, kupitia wanaume. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya 1500 mchango wa Asia ukawa zaidi wa Uarabuni. Lugha ilibaki ya kina mama, ya Kibantu, ndugu ya Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Wanaume walioshuka kwa kaskazi walizaa watoto wasiosema Kiajemi.

Kwa hiyo mstari wa mama na mstari wa baba ndiyo sehemu ya kulipia. Mstari wa mama hufuata DNA ya mitokondria: mama, mama yake, mama wa mama yake, bila kukatika. Mstari wa baba hufuata kromosomu Y, na mwanamke hana, hivyo anayetaka kuujua huo amwombe kaka au baba atemee mrija wa pili. Kila mstari hupewa herufi ya haplogrupu, yaani tawi la ukoo wa kale. Kwa upande wa mama, herufi L ni ya Afrika, na makaburini pwani karibu wote walikuwa L. M30 huelekeza Bara Hindi. Kwa upande wa baba, E1b1a ndiyo iliyoenea na wasemaji wa Kibantu. Tawi moja la E1b1b liitwalo M293 linahusishwa na wafugaji walioshuka kusini. J1 ni ya kawaida Uarabuni. J2, G2 na R1a zimeonekana kwa wanaume wa makaburi ya pwani, lakini tahadhari: R1a ipo tele Punjab pia, hivyo herufi hiyo pekee haikuamulii kati ya Iran na India. Vipimo vya bei nafuu husimama kwenye herufi ya juu tu. Kupata tawi la chini hulipiwa kando, kwa kawaida zaidi ya dola 100.

Jozi inayotokea pwani na kuzua maswali ni Y ya Uarabuni na mitokondria ya L. Haimaanishi karatasi za nasaba ni za uongo. Nasaba huandikwa kwa baba, na Y inaithibitisha au kuikanusha hiyo tu. Mama huyo wa L anaweza kuwa binti wa ukoo wa mjini, Mdigo aliyeolewa, au suria aliyeletwa kutoka upande wa Nyasa, ambaye watoto wake walikuwa huru kwa baba yao. Kisanduku hakiwezi kutofautisha. Familia za Frere Town, makazi ya walioachiwa huru tangu miaka ya 1870, zina tatizo lilelile: L itawaambia Afrika, jambo wanalolijua, na ili kupata kijiji wanahitaji jamaa wa Malawi au Msumbiji waliojipima, ambao bado ni wachache.

Tukifika kwa jamaa: vipimo vingi hutoa orodha ya watu mnaoshiriki nao vipande, na hesabu ya cM. Mzazi na mtoto hushiriki kama 3,400, ndugu wa baba na mama mmoja kama 2,600, binamu wa kwanza wastani wa 870, wa pili kama 230. Jedwali hilo limetengenezwa kwa jamii ambazo binamu hawaoani. Hapa, ambapo mtoto wa ami ndiye mchumba wa kwanza kufikiriwa, watu wawili wanaweza kuwa jamaa kwa njia nne, na cM zikajumlika hadi programu ikawaita binamu wa pili kumbe ni wa nne. Dawa ni kutazama kipande kirefu kuliko vyote. Jumla ya 150 yenye kipande cha 45 ni udugu wa karibu. Jumla ya 150 iliyokusanywa kwa vipande vya 9 na 10 ni udugu wa mbali uliorudiwa. Na chini ya cM 7 usimwandikie mtu barua ya salamu, kwa maana vingi ni bahati nasibu ya kompyuta.

Kuhusu ramani ya mishale, tumeshasema isilipiwe. Sababu ni kwamba imechorwa kwa ajili ya walioondoka. Mshale mnene unatoka Afrika miaka 60,000 au 70,000 iliyopita, unavuka Bahari ya Shamu, unajigawa hadi Australia na Amerika, kila tawi na picha yake. Waliobaki wanapewa nukta. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, alizikwa mtoto mdogo miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika, na ramani haina la kusema kuhusu nchi hiyo mpaka Wabantu wafike.

Kasoro ya namna hiyohiyo iko kwenye kurasa za afya. Vipimo vingi hukuambia kama tumbo lako linamudu maziwa kwa kuangalia herufi moja, rs4988235, ambayo ni ya Wazungu. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanayo ya kwao, mahali pengine palepale karibu, na Waarabu wafuga ngamia nao wanayo ya kwao. Mmasai aliyelelewa kwa maziwa anaweza kuandikiwa ayaepuke.

Faili ghafi pakua siku hiyohiyo majibu yanapotoka. Ni maandishi matupu, mistari laki sita na zaidi, kila mstari na jina la herufi, kromosomu, nafasi na jozi uliyorithi. Ihifadhi nje ya mtandao. Kampuni moja kubwa ya Marekani ilivujiwa na taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, wateja wakabaki kuhangaika kufuta akaunti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ya Kenya inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, ila seva haziko Kenya. Jisajili kwa jina lisilo kamili, usitie alama ya kukubali utafiti kama hukusoma masharti yake, na omba sampuli iteketezwe baada ya kusomwa. Jua pia kwamba ukijipima wewe umewapima nusu nusu ndugu zako wote, na siri ya baba nani hufichuka kwa namba, bila kuulizwa. Hilo lizungumzwe na wakubwa wa nyumba kabla ya kutema, si baada.

Kama pesa inatosha kisanduku kimoja, usijipime. Mpe mrija aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo. DNA ya bibi ina vipande virefu kuliko utakavyovikuta kwa mjukuu wake, nusu ya alivyorithi haikumfikia hata mwanawe, na vyake havitapimika tena akishaondoka. Mkalishe asubuhi kabla ya chai, umsugulie mashavu kwa nje ili mate yaje, na mrija uushike wewe.